Grace Hopper: Admirali aliyeifundisha dunia kuwinda makosa ya kompyuta

SEPTEMBA 9, mwaka 1947, saa 9:45 alasiri, waendeshaji wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, waligundua chanzo cha hitilafu iliyokuwa ikiwasumbua. Katika swichi namba 70, paneli F, alikuwamo nondo, yule mdudu mwenye mabawa anayependa kuzonga taa nyakati za usiku, akiwa amenaswa na kufia humo.

Walimtoa, wakambandika kwa utepe wa gundi ndani ya daftari la kumbukumbu za kazi, kisha wakaandika chini yake maneno machache ya mzaha, yenye maana kwamba safari hii amepatikana mdudu halisi.

Kisa hicho kimesimuliwa duniani kote kwa miongo mingi, na jina linaloambatana nacho ni la mwanamama mmoja mwembamba, mwalimu wa hisabati aliyegeuka kuwa ofisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani, Grace Murray Hopper.

Vitabu na magazeti mengi yameandika kwamba ni yeye aliyempata nondo huyo, na kwamba hapo ndipo wataalamu wa kompyuta walipoanza kuliita kosa la programu mdudu. Mambo yote mawili si kweli. Hopper, aliyekuwa mmoja wa watafiti wa maabara hiyo, si yeye aliyemkuta nondo, na hakulificha hilo. Alichofanya ni kukisimulia kisa hicho katika mihadhara yake kwa ufundi mkubwa hadi kikaenea. Ama neno lenyewe, mvumbuzi Thomas Edison alikwisha kulitumia katika barua mwaka 1878 kueleza kasoro ndogo ndogo za mitambo. Ndiyo maana maneno yale ya daftarini yalikuwa mzaha: wahandisi walikuwa wakiwataja wadudu kila siku bila ya kuwahi kumwona hata mmoja.

Kwa kuirudia hekaya ya nondo, wengi wamelisahau jambo kubwa zaidi ambalo mwanamama huyo alilifanya. Katika zaidi ya miaka 40 ya kazi yake, Hopper alichunguza makosa ya kompyuta yanatoka wapi, na jibu alilolipata halikuwa la kupendeza: sehemu kubwa haitoki katika mashine, bali katika mikono ya watu wanaoiandikia. Kazi yake yote iliyofuata ilijengwa juu ya jibu hilo.

Saa saba za kengele

Grace Brewster Murray alizaliwa jijini New York Desemba 9, mwaka 1906, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watatu wa Walter Fletcher Murray, aliyekuwa wakala wa bima, na mkewe Mary. Baba huyo alikatwa miguu yote miwili kwa sababu ya maradhi ya mishipa ya damu, lakini aliendelea na shughuli zake kwa miguu ya bandia. Msimamo wake ulikuwa kwamba binti zake wapate elimu ile ile atakayoipata mtoto wake wa kiume, jambo ambalo halikuwa la kawaida katika zama zile.

Udadisi wa Grace ulijitokeza mapema. Akiwa na umri wa miaka saba, alitaka kujua saa ya kengele inafanyaje kazi, akaifungua. Aliposhindwa kuirudishia vipuri vyake, alifungua ya pili ili aone vilivyokaa, kisha ya tatu, hadi saa zote saba za nyumba ya familia zikawa vipande vipande. Mama yake hakumchapa. Aliamua tu kwamba tangu siku hiyo binti huyo atakuwa na saa moja ya kuchezea, na nyingine aziache.

Mwaka 1928 alihitimu katika Chuo cha Vassar akiwa amesoma hisabati na fizikia, na mwaka 1930 akapata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Yale. Mwaka huo huo aliolewa na Vincent Foster Hopper, mwalimu wa fasihi ya Kiingereza, ambaye jina lake alilibeba hadi mwisho wa maisha yake ingawa ndoa hiyo ilivunjika mwaka 1945 bila ya kupata mtoto. Mwaka 1934 Yale ilimtunuku shahada ya uzamivu katika hisabati, wakati ambapo wanawake wenye shahada hiyo walikuwa wa kuhesabika.

Alikuwa tayari anafundisha Vassar tangu mwaka 1931, na ilionekana wazi kwamba angezeekea katika chuo hicho. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ndiyo iliyobadilisha mwelekeo wa maisha yake.

Kutoka darasani hadi jeshini

Marekani ilipoingia vitani Desemba mwaka 1941, Hopper alitaka kujiunga na wanamaji. Hata hivyo, vikwazo vilikuwa vingi. Umri wake ulionekana kuwa mkubwa, walimu wa hisabati walihesabiwa kuwa watu wanaohitajika zaidi uraiani, na uzito wake wa kilo zipatazo 48 ulikuwa pungufu ya kiwango cha jeshi kwa takriban kilo saba.

Alipata kibali maalumu, na mwezi Desemba mwaka 1943 akaapishwa katika kikosi cha akiba cha wanawake wa Jeshi la Wanamaji, akiwa na umri wa miaka 37. Katika mafunzo ya uofisa alikaa pamoja na wasichana ambao baadhi yao walikuwa rika la wanafunzi wake, akamaliza akiwa wa kwanza katika kundi lake.

Julai mwaka 1944 aliripoti Harvard, akiwa Luteni, chini ya Howard Aiken, mbunifu mkali wa mashine iliyoitwa Mark I. Mkuu huyo hakuwa na muda wa kumkaribisha. Alimwonyesha mashine, akampa kazi ya kukokotoa na wiki moja ya kuikamilisha.

Mashine aliyoonyeshwa haikufanana na kitu chochote alichokwisha kukiona. Ilikuwa na urefu wa mita zipatazo 15, uzito unaokaribia tani tano na vipuri zaidi ya 750,000. Iliweza kufanya hesabu tatu za kujumlisha kwa sekunde moja, ilhali kuzidisha kuliichukua sekunde zipatazo sita na kugawanya zaidi ya sekunde 15. Simu ya kawaida ya mkononi ya leo hufanya mabilioni ya hesabu kwa muda ambao Mark I ilizidisha mara moja. Hata hivyo, kwa mwaka 1944, mashine hiyo ilikuwa inafanya kazi ambayo ingewachukua makarani wengi miezi mingi.

Amri zake ziliandikwa kwa kutoboa matundu katika utepe wa karatasi. Tundu moja likitobolewa pasipostahili, hesabu nzima inaharibika. Dawa yake ilikuwa kuliziba tundu hilo kwa kipande kidogo cha karatasi, yaani kiraka, na kutoboa jingine mahali panapostahili. Hadi leo kampuni za programu zinapotoa marekebisho ya makosa, marekebisho hayo huitwa viraka.

Uzito wa makosa hayo haukuwa wa darasani. Kikosi cha Aiken kilikokotoa mahesabu ya silaha na mitambo ya wanamaji, usiku na mchana, na waliotumia majibu hayo walikuwa mabaharia walioko vitani. Mnamo Agosti mwaka 1944 mwanahisabati John von Neumann alifika maabarani hapo na tatizo gumu la mawimbi ya mlipuko yanayokwenda kwa ndani. Hopper na wenzake walilishughulikia bila ya kuambiwa linahusu nini. Mwaka mmoja baadaye, baada ya bomu la atomiki lililotumia njia hiyo kuangushwa katika mji wa Nagasaki, nchini Japani, ndipo walipoelewa walichokuwa wakikikokotoa.

Aiken alimpa pia kazi ambayo yeye mwenyewe hakuiomba, ya kuandika kitabu cha maelekezo ya mashine. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500, na kinahesabiwa kuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza kabisa duniani vya kumfundisha mtu kuandika programu.

Herufi B iliyogeuka 13

Katika maabara ya Harvard, Hopper na wenzake wawili wa karibu, Robert Campbell na Richard Bloch, walikuwa na desturi ya kutunza madaftari. Mmoja wao akipata kipande cha programu kinachofanya kazi vizuri, mathalani cha kukokotoa saini ya pembe, alikinakili katika daftari lake. Mwenzake akikihitaji, aliazima daftari na kukinakili tena kwa mkono.

Ilionekana kuwa desturi ya busara, na kwa kiasi kikubwa ilikuwa hivyo. Lakini ndani yake ndimo Hopper alipokuja kuona kiota cha makosa. Kila kipande kilichohamishwa kilihitaji namba za mahali pake zijumlishwe upya ili zilingane na programu mpya, na watu, hata wenye shahada za uzamivu katika hisabati, hukosea kujumlisha. Aidha, kunakili kwenyewe kulizaa makosa: herufi B iliyoandikwa kwa haraka ilisomwa kuwa 13, na alama nyingine zikabadilika sura kutoka daftari moja hadi jingine. Mtu angeweza kupoteza siku nzima akiilaumu mashine, kumbe kosa liko katika mwandiko wake mwenyewe.

Katika hatua hiyo ndipo fikra yake kubwa ilipozaliwa. Ikiwa kunakili na kujumlisha ndiyo kazi inayowashinda wanadamu, na ikiwa kunakili na kujumlisha ndiyo kazi ambayo kompyuta inaimudu kuliko kitu kingine chochote, kwa nini kazi hiyo isikabidhiwe kompyuta yenyewe?

Anguko na kuinuka

Kabla fikra hiyo haijazaa matunda, Hopper alipita katika kipindi kigumu. Vita ilikuwa imekwisha, ndoa yake imevunjika, na ombi lake la kuhamia jeshi la kudumu lilikuwa limekataliwa kwa sababu ya umri. Mkataba wake wa utafiti hapo Harvard ulipofikia kikomo mwaka 1949, chuo hicho hakikuwa na nafasi ya kudumu ya kumpa mwanamke.

Katika miaka hiyo pombe ilimwelemea. Mwaka 1949 alikamatwa na polisi kwa ulevi, na marafiki waliompenda walilazimika kumkabili waziwazi na kumsihi ajiokoe. Mtu aliyekuwa hodari wa kusaka kasoro za mashine alitakiwa sasa aitazame ya kwake. Aliinuka polepole, na kazi ikawa sehemu kubwa ya kuinuka huko.

Mwaka huo wa 1949 alijiunga na kampuni changa ya Eckert-Mauchly ya mjini Philadelphia, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand. Hapo ndipo, kati ya mwaka 1951 na 1952, alipounda programu aliyoiita A-0, na mwezi Mei mwaka 1952 akawasilisha andiko lake kuhusu jambo hilo katika mkutano wa wataalamu mjini Pittsburgh.

A-0 ilifanya kile ambacho madaftari ya Harvard yalishindwa kukifanya bila makosa. Vipande vya programu vilihifadhiwa katika utepe wa sumaku, kila kimoja na namba yake ya wito. Mwandishi alitaja namba anazozihitaji, na kompyuta ikavitafuta vipande hivyo, ikavipanga, ikajumlisha namba za mahali na kuiunganisha programu kamili. Hopper aliiita kompaila, na ingawa kompaila za leo zinafanya mengi zaidi, jina hilo ndilo lililobaki.

Mwanzoni hakueleweka. Wengi walishikilia kwamba kompyuta ni chombo cha hesabu tu na haiwezi kuandika programu. Wengine walitoa hoja yenye uzito zaidi, kwamba programu iliyotungwa na mashine itakuwa nzito na itapoteza muda wa kompyuta, ambao ulikuwa ghali mno. Hopper hakuipuuza hoja hiyo. Alichokitaka ni kwamba muda uhesabiwe wote: wa mashine, na wa watu wanaokesha wakitafuta makosa.

Lugha ya wafanyabiashara

Hatua yake iliyofuata ilikuwa ya kijasiri zaidi. Hopper alitambua kwamba watu wengi watakaohitaji kompyuta si wanahisabati, bali ni wahasibu, makarani wa mishahara na watunza bohari. Alipendekeza waandike amri zao kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, na kompyuta iyatafsiri. Wakuu wake walisema haiwezekani. Alitengeneza mfano mdogo, kisha akaonyesha kwamba programu ile ile inaweza kuandikwa pia kwa maneno ya Kifaransa na Kijerumani, kwa kuwa kwa mashine maneno yote ni alama tu. Onyesho hilo liliwatisha badala ya kuwafurahisha. Ilimbidi aahidi kwamba atabaki na Kiingereza.

Kutokana na juhudi hizo ilizaliwa lugha ya FLOW-MATIC, ambayo mwishoni mwa miaka ya 1950 ilikuwa tayari inatumiwa na wateja wa UNIVAC. Mwezi Mei mwaka 1959 wawakilishi wa serikali, wa kampuni zinazotengeneza kompyuta na wa wateja walikutana Pentagon, makao makuu ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, kujadili lugha moja itakayofanya kazi katika mashine za kila kampuni. Matokeo yake ni COBOL. Lugha hiyo ilitungwa na kamati na si mtu mmoja, na Hopper alikuwa mshauri tu. Hata hivyo, FLOW-MATIC ndiyo iliyokuwa msingi wake mkuu.

Desemba mwaka 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa katika kompyuta za kampuni mbili zilizokuwa zikishindana, RCA na Remington Rand, na ikafanya kazi katika zote mbili. Leo jambo hilo linaonekana dogo. Wakati ule, mteja aliyebadilisha kompyuta alilazimika kuandika upya kila programu aliyokuwa nayo, na kila kuandika upya kulileta makosa mapya. Zaidi ya miaka 60 baadaye, benki nyingi duniani bado zinategemea programu za COBOL.

Lugha hiyo ilikuja pia kulaumiwa. Ili kuokoa nafasi katika kadi za matundu na kumbukumbu ndogo za zama zile, waandishi wa programu walizoea kuandika mwaka kwa tarakimu mbili za mwisho. Mwaka 2000 ulipokaribia, serikali na kampuni duniani kote zililazimika kupitia mamilioni ya mistari ya programu kusahihisha desturi hiyo. Lilikuwa somo gumu kwamba uamuzi ulio sahihi katika siku yake unaweza kugeuka kosa usipopitiwa upya. Hopper mwenyewe alipiga vita mazoea ya aina hiyo: ofisini kwake alitundika saa ya ukutani inayozunguka kinyume, kuwakumbusha wageni kwamba kuzoea jambo si hoja ya kuliendeleza.

Sentimita 30 za waya

Mwishoni mwa mwaka 1966 Jeshi la Wanamaji lilimstaafisha akiwa na cheo cha Kamanda. Haikupita hata miezi minane, Agosti mwaka 1967 likamwita tena kwa muda wa miezi sita. Programu zake za mishahara na za bohari zilikuwa zimeandikwa kwa COBOL za namna tofauti, na hakuna aliyejua ipi inafuata kanuni.

Miezi sita hiyo iligeuka kuwa karibu miaka 20. Kikosi chake kilitunga programu maalumu za majaribio, ambazo kazi yake ilikuwa moja tu: kuipima kompaila ya kila muuzaji na kuonyesha inakosea wapi. Kwa maneno mengine, mwanamama aliyekabidhi mashine kazi ya kuandika alitaka na mashine hiyo ikaguliwe. Majaribio hayo yalikuja kuwa msingi wa viwango vya serikali ya Marekani.

Katika mihadhara ya miaka hiyo ndipo alipopata umaarufu kwa kitu kidogo sana. Majenerali na maadmirali walikuwa wakimuuliza kwa nini ujumbe kupitia setilaiti unachelewa, na yeye alikuwa hajaielewa vizuri nanosekunde, ambayo ni sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Aliwaomba mafundi wamkatie kipande cha waya kinacholingana na umbali wa juu kabisa ambao umeme unaweza kusafiri katika muda huo. Kilikuwa na urefu usiofika sentimita 30.

Tangu hapo aligawa vipande hivyo popote alipozungumza. Kwa kulinganisha, alibeba pia mzingo wa waya wa mita zipatazo 300, uliowakilisha sehemu moja ya milioni ya sekunde, na kuwataka waandishi wa programu wafikirie wanachokitupa kila wanapopoteza muda huo. Aliyeshika waya ule mkononi hakuhitaji tena kuelezwa kwa nini kompyuta yenye kasi lazima iwe ndogo.

Kazi inayoendelea

Kipimo hicho bado kinafaa. Prosesa ya leo yenye mapigo bilioni tatu kwa sekunde hupiga mara tatu ndani ya nanosekunde moja ya Hopper. Kwa muda wa pigo moja, hata mwanga hauvuki sentimita 10. Hakuna jicho wala sikio la fundi linaloweza kufuatilia kasi hiyo.

Kwa sababu hiyo watengenezaji waliweka mita ndogo za kuhesabia ndani ya prosesa zenyewe, kama zilivyokuwamo katika Pentium ya mwaka 1993. Mita hizo huhesabu mapigo yaliyopita, amri zilizotekelezwa, na mara ambazo prosesa ilikwenda kutafuta data karibu ikaikosa, ikalazimika kuisubiri kutoka mbali. Mwenye kuzisoma ni kiini cha mfumo endeshi, yaani ile programu ya chini kabisa inayogawa muda na kumbukumbu kwa programu nyingine zote. Kiini cha Linux kilipata mfumo wake rasmi wa kuzisoma mwaka 2009.

Na hapo ndipo swali la Hopper linaporejea kwa sura mpya, kwa kuwa anayepima naye hukosea. Mita yenye tarakimu 32 za mfumo wa moja na sifuri, ikihesabu mapigo bilioni tatu kwa sekunde, hujaa kwa muda usiofika sekunde moja na nusu na kuanza tena sifuri, kama mita ya gari kuukuu iliyofika mwisho wa namba zake. Kiini kisipoliona tukio hilo kwa wakati, kitaripoti namba ndogo kuliko ukweli. Vilevile, prosesa inapohama kutoka programu moja kwenda nyingine, kiini kinatakiwa kuhifadhi hesabu ya ile ya kwanza. Kikisahau, kazi ya programu moja itaandikwa katika ankara ya nyingine.

Makosa ya aina hiyo ni mabaya kwa namna yake. Programu iliyovunjika hujulikana, kwa sababu husimama. Mita inayodanganya huendelea kutoa namba zinazovutia, na wahandisi huweza kutumia wiki nzima wakirekebisha mahali pasipo na tatizo. Ndiyo maana waandishi wa viini hawatosheki na kusoma namba. Huendesha kazi ambayo jibu lake linajulikana kabla, kisha hulinganisha. Ni njia ile ile ambayo kikosi cha Hopper kilizipimia kompaila, na ile ile ambayo waendeshaji wa Harvard walijaribia mashine kabla ya kuiamini.

Heshima na mwisho wa safari

Mwaka 1983 Rais Ronald Reagan alimpandisha Hopper kuwa Komodoro, na mwaka 1985 cheo hicho kilipobadilishwa jina akawa Admirali, mmoja wa wanawake wachache waliofikia ngazi hiyo. Agosti 14, mwaka 1986, alistaafu kwa mara ya mwisho katika sherehe iliyofanyika juu ya meli kongwe ya vita ya USS Constitution, mjini Boston. Alikuwa na umri wa miaka 79, ofisa mwenye umri mkubwa kuliko wote waliokuwa kazini jeshini humo.

Hata baada ya hapo hakupumzika. Kampuni ya kompyuta ya Digital ilimwajiri kuwa mshauri, na aliendelea kusafiri na kuhutubia vijana, ambao aliwahesabu kuwa zao lake bora kuliko kompaila. Mwaka 1991 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Teknolojia ya Marekani.

Alifariki dunia usingizini Januari 1, mwaka 1992, nyumbani kwake Arlington, katika jimbo la Virginia, akiwa na umri wa miaka 85, na akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington. Meli ya kivita ya USS Hopper ilianza kazi mwaka 1997. Mwaka 2016 Rais Barack Obama alimtunuku, akiwa marehemu, Nishani ya Uhuru ya Rais, na mwaka uliofuata Yale ikakipa jina lake chuo chake kimojawapo. Mwaka 2022 kampuni ya Nvidia ililitumia jina la Hopper kwa kizazi cha prosesa zake ambazo zimetumika sana kufundishia programu za akili bandia.

Prosesa hizo nazo zina mita zake za ndani, na viini vya mifumo endeshi inayozisimamia vina makosa ambayo mtu, mahali fulani, anakesha akiyatafuta. Kwa mtu huyo, urithi wa Hopper ni kuhesabu kila kitu, kumtilia shaka anayehesabu, na kabla ya kuilaumu mashine, kuusoma tena mwandiko wake mwenyewe.